Tranka la Madam wa Kemia

Jina lake silitaji. Akijiona humu kwa jina atachukua kalamu nyekundu aanze kusahihisha maisha yake mwenyewe, na mimi atanipa alama za kunionea huruma. Kwa hiyo ni Madam. Shuleni kwetu Newala akina Madam walikuwa wengi, lakini mtu akisema "Madam anakuja" na watu wakachomekea mashati bila kuuliza yupi, basi ni yeye, wa Kemia.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Watu wanadhani mwalimu mkali ni yule anayesikika hadi sokoni. Huyu wetu akikasirika alipunguza sauti, na kadiri alivyoipunguza ndivyo sisi tulivyoinama mbele kumsikiliza, mpaka unajikuta umeiinamia adhabu yako mwenyewe. Mimi aliniita Msemaji Mkuu, na halikuwa jina la kunisifu. Nilikaa nyuma karibu na dirisha, na kazi yangu niliyojipa ilikuwa kuhakikisha hakuna kipindi kinachoisha bila mtu kucheka. Alikuwa akinitoa nje kwa adabu kabisa.

"Msemaji Mkuu, nenda ukahutubie miti."

Nami nakwenda, nahutubia. Ule mwarobaini wa nje ya maabara umesikia utani wangu mwingi kuliko mama yangu mzazi.

Madam hakuwa akimwogopa mkuu wa shule, wala mkaguzi, wala asidi. Alikuwa anaogopa kuku. Nimemwona kwa macho yangu akimimina asidi kali, mkono umetulia kama wa sanamu, na jioni ileile nimemkuta kibarazani kwake amesimama juu ya kiti, kitabu kifuani, anamwita jirani yake.

"Mama Zuhura! Mama Zuhura, njoo umchukue ndugu yako!"

Mama Zuhura ni mkulima wa korosho, nyumba yake na ya Madam zinatenganishwa na ua wa matete tu. Akawa anakuja bila haraka, anamswaga jogoo kwa upindo wa kanga.

"Mwalimu, huyu hata mchuzi hatoshi. Anakutisha nini?"

"Ananitazama kwa jicho moja. Kiumbe anayekutazama kwa jicho moja ana jambo."

Kwao Madam ni mbali, huko kwenye migomba na mito. Alifika huku juu kabla baadhi yetu hatujazaliwa, na Mama Zuhura alipenda kutusimulia jinsi alivyofika, hasa Madam mwenyewe akiwepo. Ilikuwa msimu wa kupulizia. Kwa asiyejua: baridi ikiingia, mikorosho ikianza kuchanua, wakulima wanaipulizia salfa, ule unga wa njano, ili maua yasiliwe na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga. Mtu anabeba mashine mgongoni, inanguruma kama pikipiki yenye kikohozi, na upepo wa huku hauna adabu, ukishaichukua ile salfa unaigawa kwa kila mtu. Inaingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye gauni la kanisani.

"Alikuwa anatembea na kitambaa puani kama jambazi," Mama Zuhura anasema. "Anapiga chafya kuanzia hapa mpaka getini kwa shule. Tukasema huyu hamalizi mwaka."

"Ilinuka, Mama Zuhura."

"Inanuka nini? Ni hewa tu."

Na kweli, sisi wa hapa hatuisikii. Muulize mtoto wa Newala salfa inanukaje, naye atakuuliza: kwani inanuka?

Madam alikuwa na msemo mmoja ambao ningeweza kuutoa usingizini: "Badilisha kitu kimoja, halafu tazama." Ndiyo ilikuwa dini yake ya siku za kazi. Jaribio limekataa? Usibadilishe maji na moto na chupa kwa pamoja, utajuaje kilichoponya? Badilisha kimoja, tazama. Salumu, rafiki yangu wa dawati, alipokuwa anafeli, Madam alimbadilishia saa ya kusoma tu. Mimi nilipofeli alinibadilishia kiti, akanitoa dirishani akanileta mstari wa mbele. Akatazama. Mimi na utani wangu tukawa tunasikika vizuri zaidi. Akanirudisha nyuma.

"Jaribio limetoa jibu," alisema. "Tatizo si kiti."

Sasa, maabara yetu. Ilikuwa na chupa nyingi zenye majina na chache zenye kitu ndani. Kwa hiyo majaribio mengi Madam aliyafanya kwa mikono mitupu, kama mtu anayeigiza harusi. "Sasa namimina," anasema, anamimina hewa. "Sasa natikisa." Anatikisa hewa. "Sasa imekuwa bluu iliyokolea. Mmeona?"

"Ndiyo Madaaam."

"Mimi nimeona kijani, Madam."

"Msemaji Mkuu. Miti inakusubiri."

Nilikuwa natania, lakini nikisimama pale chini ya mwarobaini utani ulikuwa unakatika. Tulikuwa kidato cha nne. Mwisho wa mwaka kuna mtihani wa vitendo. Siku hiyo kemikali huja, na kama hujawahi kuziona unakutana nazo kama unavyokutana na wakwe: jasho linakutoka na hujui ushike nini. Madam alilijua hilo kuliko sisi, na dawa yake alikuwa nayo tangu zamani. Kila alipoitwa kwenda kwenye semina katika shule yenye maabara iliyojaa, alibeba kamera ndogo akapiga filamu za majaribio. Mkono wake, sauti yake, rangi zinavyogeuka. Miaka yote hiyo. Akirudi alizikatakata na kuziunga kwenye kompyuta aliyoachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea wakati anaondoka, zile kompyuta nyembamba za tunda lililong'atwa. Madarasa yaliyotutangulia yalisoma kwa filamu hizo.

Sisi tukapata radi. Ilipiga nguzo ya umeme karibu na nyumba za walimu, na kompyuta ya Madam ikazima moja kwa moja. Diski ya ndani ikapona. Tulidhani basi, mambo yamekwisha, unaichomoa unaichomeka kwingine. Tukaipeleka kwa Fundi wa stendi, kijana anayeflashi simu, anayepiga windo, yaani kuweka Windows kwenye kompyuta, anayechapa hata kadi za harusi. Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Kompyuta ikasema haiielewi diski hii, je, iisafishe ianze upya?

Fundi, mtu wa watu, akapeleka kidole abonyeze ndiyo.

Sijawahi kumwona Madam akimgusa mtu. Siku ile alimdaka Fundi kiganja kama anadaka yai linaloanguka.

"Usiguse," alisema kwa sauti ile ndogo. Fundi mwenyewe aliinama mbele.

Filamu zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya programu ya kule kwenye tunda, kwa namna ya kule, na kompyuta nyingine zote ziliiona ile diski kama gunia tupu. Kununua kompyuta nyingine ya aina ile, bei yake ukiitaja tu mdomo unakauka. Ndipo Madam akasoma mahali, kwenye simu yake, kwamba wapo watu duniani wanaojenga kompyuta kwa vipande vya kuokoteza, kisha wanaulazimisha mfumo wa tunda ukae humo. Haiko rasmi. Waliotengeneza mfumo hawapendi. Lakini inawezekana, ukiwa na vipande vinavyokubaliana, ukiandaa flashi vizuri, na ukiwa na subira ya punda.

Hapo ndipo nilipomwuliza. Huyu ni Madam aliyemfutia Salumu jaribio zima kwa kuchungulia neno moja.

"Madam, na huu si wizi?"

Alifikiri. Ndicho nilichompendea, swali lako la kijinga alilifikiria.

"Mfumo ule nilikuwa nao kihalali. Nyumba imeungua, mpangaji ni yuleyule, namhamishia nyumba nyingine."

"Lakini mkataba unasema mpangaji asihame."

"Unasema hivyo," alisema. "Nimeusoma. Siku nikiulizwa nitajibu kwa jina langu. Lakini simhamishii mpangaji huyu kwa mtu mwingine." Na kweli, Fundi aliponong'ona kwamba wangeweza kuwauzia watu mfumo ule, Madam alimtazama kwa jicho moja, na Fundi akakumbuka ana mteja.

Basi tukajenga. Bodi na prosesa vilitoka kwenye kompyuta ya ofisi iliyokufa. Feni ilitoka kwingine. Kadi za kumbukumbu, zile za ram, zilikuwa zimeshapita kwenye mashine nyingi hata dhahabu ya meno yake ilikuwa imelika kama ya bibi, shaba ya chini ikichungulia. Kasha hatukuwa nalo. Madam akaingia chumbani akatoka na tranka lake la shule, lile la bati la buluu ambalo kila aliyewahi kukaa bweni analijua, lenye mikono miwili na komeo la kufuli. Tukalitoboa matundu ya hewa kwa msumari, tukaweka ubao ndani ili bati lisiguse bodi, tukapanga vitu. Kompyuta pekee wilayani unayoifunga kwa kufuli na kuibeba wawili wawili kama mwanafunzi anaripoti.

Mara ya kwanza tulipoiwasha na flashi, maandishi meupe yalimiminika, yakasita, yakaendelea, kisha kikatokea kioo kizuri cha kijivu kikituuliza tunataka lugha gani. Tulipiga kelele hadi Mama Zuhura akaja na mwiko mkononi. Umeme ukakatika palepale, lakini tuliamini. Mpangaji alikuwa mlangoni.

Jumamosi iliyofuata Madam aliamua kulisafisha tranka kwanza. Vumbi jekundu la barabarani lilikuwa limeshajaa. Fundi alikuwa amesema kwenye maduka makubwa wana mashine za kupuliza upepo.

"Upepo?" Mama Zuhura akasema ng'ambo ya ua. "Upepo ninao mimi."

Akaleta mashine yake ya kupulizia mikorosho. Madam akauliza kama ni safi.

"Nimeipangusa, Mwalimu. Haina kitu."

Madam mwenyewe akaivaa mgongoni. Ningetoa chochote kuipata picha ile: mwalimu wa Kemia, miwani, gauni la maua, na mtambo unanguruma nyuma yake. Akaelekeza bomba kwenye tranka. Vumbi jekundu likatoka, sawasawa. Kisha likafuata wingu la njano, taratibu, la heshima, likaujaza uwanja. Kuku wote wa Mama Zuhura walikimbia. Kwa mara ya kwanza katika historia, kuku walimwogopa Madam. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na yeye alicheka. Tukafuta kila kitu kwa kitambaa kikavu, tukaona pamekuwa safi. Siku hiyohiyo, kwa vile Fundi alikuwa ameshusha toleo jipya zaidi la mfumo, Madam akaandaa na flashi mpya.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika, ingawa si palepale. Siku za mwanzo maandishi yalimiminika yakakwama mahali. Tukasema flashi mpya mbaya, tukarudisha ya zamani. Yakakwama mahali pengine. Tukabadilisha mpangilio, mashine ikajizima katikati. Leo inafika kwenye picha, kesho haifiki hata kwenye maandishi. Tulikuwa tunakwenda kwake baada ya vipindi, mimi na Salumu na yeyote aliyekuwa na hamu, na Madam alitulazimisha: kitu kimoja, tazama. Kitu kimoja, tazama. Mimi nilikuwa nabadilisha vinne akigeuka kuchota maji.

"Nani amechomoa hiki?"

"Upepo, Madam."

Msimu wa kupulizia ukaisha, korosho zikaanza kushika, na ndani ya tranka hakuna mpangaji. Fundi alisema kila siku, "Pigeni windo tu, mfumo wa kulazimisha una nuksi." Tulizoea kumcheka. Lakini Ijumaa moja nilimwona Madam amekaa mbele ya kile kioo kilichokwama, hata miwani ameivua.

"Labda anasema kweli," alisema. "Labda sikupaswa kuligusa jambo hili." Kisha akasema, "Jumatatu tutaendelea kwa mikono."

Kwa mikono maana yake kumimina hewa. Salumu akaangalia chini. Mimi nilitafuta utani, sikuupata, nikarudi nyumbani nikaitazama sahani ya kisamvu kama imeniudhi.

Jumatatu ikawa marudio ya salfa. Unajua, somo lenyewe. Kwa Kiingereza cha kitabu kwanza, kisha kwa Kiswahili cha kueleweka. Madam alikuwa na tabia ya kutafuta mfano jirani, na siku hiyo alikuja na bangili ya fedha ya Mama Zuhura, nyeusi kama chungu.

"Kila msimu inakuwa hivi," alisema, akaizungusha ubaoni. "Salfa inaipenda fedha. Inaipenda na shaba. Ikivigusa vitu hivi havibaki kama vilivyokuwa, vinavaa utando mweusi, na utando huo haupitishi umeme vizuri kama..."

Mimi nilikuwa nimeshindwa kuvumilia. Darasa lilikuwa limenuna mno.

"Madam! Na tranka letu nalo lilipuliziwa, mbona halijavaa bangili?"

Watu wakacheka. Chaki ya Madam ikabaki hewani.

"Rudia."

"Nimekosa, Madam." Nilikuwa nimeshasimama. "Nakwenda kwenye miti."

"Hapana. Rudia utani wako."

Nikarudia, na safari hii hakuna aliyecheka. Aliniinamia kunisikiliza, kana kwamba mimi ndiye mwenye sauti ndogo. Halafu akaiweka chaki mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Limevaa," alisema.

Kengele ilipolia tulimfuata nyumbani kwake karibu darasa zima. Akafungua kufuli, akachomoa kadi za ram, akazigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Yale meno yaliyolika dhahabu yalikuwa na weusi uleule wa bangili. Akaleta pua karibu, akanusa. Akanusa tena. Mimi nikanusa, Salumu akanusa, Mama Zuhura akaitwa naye akanusa.

"Hapa hakuna harufu, Mwalimu."

Wakati huo akaingia mwalimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha, aliyetoka Dar wiki ileile, amekuja kuuliza kwa nini kidato cha nne chote kiko sebuleni kwa mtu. Hakumaliza swali. Akashika pua.

"Jamani, humu ndani kuna nini? Mbona salfa inanuka hivi?"

Madam akamtazama. Akalitazama tranka, lililokuwa limekaa sebuleni mwake muda wote huo, likipata joto na kunuka kila lilipowashwa. Mtu yeyote wa kutoka nje angeijua shida siku ya kwanza, kwa pua tu, bila Kemia. Akakaa kwenye kiti.

"Siisikii," alisema. "Mama Zuhura, siisikii kabisa!"

Mama Zuhura akampiga begani.

"Basi karibu nyumbani, Mwalimu."

Madam alicheka, na machozi yalimtoka, na sitasema yalikuwa ya nini kwa sababu angeandika pembeni: thibitisha.

Kadi tulizisugua kwa vifutio. Ndiyo, vifutio vya penseli, vya kwenye mkebe wa hisabati. Darasa zima lilitoa, tukasugua meno yale taratibu mpaka yakang'aa, tukafuta, tukapangusa na pale zinapochomekwa. Madam akataka kurudisha kadi zote tulizosugua. Kisha akajizuia, akatabasamu, akarudisha moja tu. Tukatazama.

Maandishi yakamiminika. Yakapita pale yalipokuwa yakikwama Ijumaa. Yakapita kwingine. Kioo cha kijivu kikauliza lugha, Madam akachagua, na tranka likaanza kunguruma kwa raha kama mtu aliyevua viatu. Mchana ule hatukula. Jioni ilipofika, ile diski ya zamani ilichomekwa, na haikuonekana tena kama gunia tupu. Akabonyeza filamu ya kwanza.

Ulikuwa mkono wake, wa ujana zaidi, na sauti yake ndogo ikisema, "Sasa namimina." Na safari hii kulikuwa na kitu cha kumimina. Yale maji yakageuka, yakakolea, yakawa bluu ambayo sikuwahi kudhani inaweza kukaa ndani ya chupa. Nilikuwa nimejiandaa kusema nimeona kijani. Sikuweza.

Kesho yake alifanya jambo ambalo walimu wengine waliliongelea ofisini muda mrefu. Alisimama mbele yetu akasema, "Kosa la kwanza: mwalimu wa Kemia amepuliza salfa kwenye shaba. Kosa la pili ndilo kubwa. Siku hiyohiyo nilibadilisha flashi. Nilibadilisha vitu viwili, ndiyo maana tumemfukuza mtu asiyekuwa na hatia, yaani flashi, mpaka mnakaribia mtihani." Akanigeukia. "Msemaji Mkuu, adhabu yake nini?"

"Miti, Madam," nilisema, kwa mazoea tu.

Akatoka. Haki ya Mungu, alitoka nje, akaenda kusimama chini ya mwarobaini, mikono nyuma, na sisi dirishani hatujui tucheke au tumwite. Akarudi akisema miti imemsamehe.

Filamu tulizitazama zote kabla ya mtihani, nyingine mpaka tukazikariri. Siku ya vitendo nilipomimina, nilikuwa namsikia sikioni: tikisa, tazama. Bluu ikaja, nami nikaijua kama mtu ninayefahamiana naye.

Sasa niko Masasi, kidato cha tano, na nasoma Kemia. Ndiyo, mimi. Mama yangu bado anadhani ofisi ilichanganya majina.

Likizo hii ya Juni nilirudi Newala, na asubuhi moja nikaenda shuleni, ambako kidato cha nne walikuwa wamebaki kwa masomo ya ziada. Njiani kwenye basi nilikuwa nimepanga maneno ya shukrani, mazuri, yenye kituo na mkato. Nilikuwa na kifutio kipya mfukoni, ndiyo zawadi yenyewe. Nilipofika maabara, vijana wawili walikuwa wanaingiza tranka, kila mmoja mkono wake, rangi imebabuka pembeni lakini kufuli ni lilelile. Nikasimama dirishani.

Aliniona mara moja.

"Msemaji Mkuu. Shikamoo yako umeiacha Masasi?"

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Simama hapohapo nje. Unapajua."

Darasa likacheka. Nikampitishia kile kifutio dirishani. Alikigeuza mkononi, akakinusa, akakiweka ndani ya tranka karibu na kadi za ram kama mtu anayeweka funguo mahali pake. Maneno yangu ya basi yakabaki na mimi, kwa sababu kipindi kilikuwa kimeanza na Madam hapendi kipindi kiliwe.

Akaonyesha kwanza kadi moja ya ram ambayo siku ile aliitenga isisuguliwe. Aliiacha nyeusi makusudi. Ikapita mkono kwa mkono. "Hii ndiyo salfa," alisema, "na aliyeipuliza ndiye anayewafundisha. Mkimwona mtu anabadilisha vitu viwili siku moja, mkumbuke sura hii." Kisha akawasha. Maandishi yakamiminika, kioo kikafunguka, mkono wake wa zamani ukatokea na chupa. Nje upepo ulikuwa unavuma kutoka mashambani, ng'ambo kule mashine zinanguruma, na watoto wote mle ndani walikuwa wanapumua salfa bila habari.

Maji yakawa bluu. Halafu nyuma, karibu na dirisha, kwenye kiti changu kabisa, kijana mmoja mdogo mwenye masikio makubwa akasema:

"Madam, na hiyo akinywa kuku, yai linatoka rangi gani?"

Darasa likapasuka. Madam akasimamisha filamu. Kicheko kikafa mstari kwa mstari.

"Rudia."

Kijana akainuka, ameshika kitabu, macho yako mlangoni. "Nimekosa, Madam. Natoka."

"Hujakosa. Nimesema rudia."

Kijana akanitazama mimi niliye nje, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu. Nikampa ishara kwa kichwa: sema tu.

Akarudia, kwa sauti ndogo sana. Na Madam, mkono mmoja juu ya tranka, akainama mbele ili amsikie vizuri.